Cheti cha Kuzaliwa cha Papa: Umri wa Samaki wa Bahari za Barafu Hujulikanaje?

Ile picha ya papa imerudi tena. Kila baada ya miezi kadhaa hupita kwenye makundi ya WhatsApp hapa Malindi: papa mweusi, mzito, jicho limefifia kama la mzee mwenye mtoto wa jicho, yuko chini ya barafu, na maneno mekundu juu yake yakidai kwamba ana miaka 512 na kwamba alikuwa keshazaliwa Vasco da Gama alipotia nanga hapa kwetu. Safari hii ilinikuta dikoni, asubuhi, mashua zinaingia, na ubishi ukawaka papo hapo. Vijana waliamini. Nahodha mmoja mzee, aliyevua papa kwa jarife tangu mimi sijazaliwa, aliitazama ile simu kidogo akamrudishia mwenyewe.

"Cheti chake cha kuzaliwa alikitoa nani?"

Watu wakacheka, lakini mzee hakuwa anafanya mzaha. Wanaochunguza umri wa samaki huulizana hivyo hivyo kila siku, nao wana njia za kujibu. Jibu lao tu halifanani na lile la kwenye picha. Tuanzie karibu, kwenye sufuria ya mchuzi, barafu tutaifikia.

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo mnadani tunayachanganya. Umri ni miaka ambayo samaki ameishi. Ukuaji ni kiasi anachoongezeka, urefu au uzito, katika muda fulani. Tukiona samaki mkubwa tunasema "huyu mzee huyu," kana kwamba maneno hayo mawili ni kitu kimoja. Fulusi anatukanusha: ndani ya mwaka mmoja hivi anaweza kupita mita moja, na ni wachache mno wanaofikisha miaka minne. Upande wa pili kuna papa wa Greenland, ndiye yule wa kwenye picha. Mmoja wao alitiwa alama mwaka 1936 akaachiwa, akaja kunaswa tena mwaka 1952. Katika miaka hiyo 16 alikuwa ameongezeka sentimita 8. Mwanangu hupata kimo hicho kwa mwaka na nusu. Kwa hiyo rula peke yake haikwambii umri, mpaka ujue kwanza samaki wa aina hiyo hukua kwa mwendo gani.

Basi umri umeandikwa wapi? Kama umewahi kula mchuzi wa kichwa cha changu, huenda umeutafuna.

Nilimwomba mama karanga, yule mwuza samaki wa kukaanga ninayenunua kwake, anipasulie kichwa kimoja. Alikilaza ubaoni, akaweka makali ya kisu nyuma kidogo ya macho, akagonga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti mara mbili, na fuvu likafunguka. Alipoondoa ubongo, chini yake, kulia na kushoto, vilikuwako vijiwe viwili vyeupe kama kauri, bapa, ukingo wake una meno madogo madogo, kila kimoja kadiri ya mbegu ya tikiti maji.

"Hivi?" akasema. "Mimi hivi huvitema."

Hivyo ndivyo wataalamu wanavyoviita otolithi, yaani mawe ya sikio. Samaki wa mifupa ana jozi tatu za vijiwe hivi, na mara nyingi jozi kubwa ndiyo inayosomwa. Kazi yake kwa samaki mwenyewe ni kumsaidia kusikia na kujua juu ni wapi na chini ni wapi hata gizani. Wala usidhani samaki mkubwa lazima awe na kijiwe kikubwa. Jodari wa kubebwa na watu wawili ana kijiwe kidogo cha kushangaza, na nguru vivyo hivyo.

Kijiwe hicho ni chokaa, ni madini yaleyale ya matumbawe yaliyojengewa nyumba za mawe za Amu. Nacho hunenepa kama kuta za nyumba hizo zinavyonenepa kwa kupakwa: kila mwaka chokaa mpya juu ya ile ya zamani, na hakuna anayekwangua ya chini. Hapo ndipo kijiwe kinapoushinda mfupa. Mfupa hujengwa na kubomolewa maisha yote, na samaki akishikwa na njaa mwili wake unaweza kuula mfupa wake. Kijiwe hakiliwi. Kilichopakwa kimepakwa. Msimu wa chakula kingi tabaka huwa nene. Msimu wa shida huwa jembamba, na ukikiangazia mwanga matabaka hayo mawili hayapitishi mwanga sawasawa. Nene moja na jembamba moja, yaani pete moja, huhesabiwa kuwa mwaka. Samaki mchanga huandika hata kwa siku: mwaka 1971 mtaalamu aitwaye Giorgio Pannella alionyesha kwamba ndani ya matabaka ya mwaka mna mistari myembamba zaidi, mmoja kwa kila siku.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Msweden Hans Hederström alihesabu pete kwenye pingili za uti wa mgongo wa samaki mwaka 1759, na Mjerumani Johannes Reibisch akavisoma vijiwe vya kichwani mwaka 1899. Kwa hiyo hili si jambo lililoletwa na intaneti.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi, na mimi pia lilinichanganya. Hapa kwetu bahari haipoi sana. Kusi ikivuma maji hushuka hadi nyuzi 25 hivi, mwisho wa kaskazi hukaribia 30, basi. Ndiyo maana matabaka ya vijiwe vya samaki wetu mara nyingi huwa hafifu na yana ubishi. Mtu akisikia hivyo atasema: kumbe barafuni ni rahisi, kiangazi na kipupwe vimeachana sana, pete zitakuwa wazi kama mistari ya kikoi.

Si hivyo. Katika maji ya McMurdo, kule Antaktika, bahari iko karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri takriban mwaka mzima. Maji ya chumvi hayajaganda bado kwa baridi hiyo, ila yako ukingoni kabisa. Ukizama na kipimajoto mwezi wa kwanza na mwezi wa saba utaona tofauti ndogo kuliko hata ya hapa Malindi. Kinachobadilika huko ni mwanga. Miezi fulani jua halizami, na miezi mingine halichomozi. Mwanga ukija, mimea midogo ya baharini hustawi, wadudu wanaoila huongezeka, na samaki hula. Mwanga ukiondoka, mezani hubaki kidogo. Pete ya samaki wa huko huandikwa zaidi na shibe na njaa, na miili yao imezoea kalenda hiyo.

(Kwa anayejiuliza hao samaki hawagandi vipi: damu yao ina protini zinazozing'ang'ania chembe za barafu zisikue. Mmarekani Arthur DeVries ndiye aliyeligundua hilo katika miaka ya 1960. Na wako wengine kule ambao damu yao haina wekundu wowote, ni nyeupe kama maji ya mchele. Ukiwapasua dikoni hapa, mtu atasema ni uchawi.)

Tatizo la kusoma vijiwe vya huko ni jingine. Samaki akikua polepole, matabaka yake huwa membamba, na ya uzeeni hubanana ukingoni kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Ukikitazama kijiwe kizima kwa juu utahesabu yale mapana ya ujanani na kuyaruka ya uzeeni. Utampa mzee umri wa kijana. Kwa hiyo hukatwa katikati, husuguliwa, na mara nyingi huokwa kwanza. Ndiyo, huokwa! Moto huunguza protini iliyomo kwenye matabaka, na kwa kuwa protini haiko sawa katika kila tabaka, kijiwe kilichokuwa cheupe kote hugeuka rangi ya haluwa na mistari yake hujitokeza. Halafu huja darubini. Wasomaji wawili huhesabu kila mmoja kivyake, bila kuambiwa urefu wa samaki wala hesabu ya mwenziwe. Mmoja anaweza kupata 31 na mwingine 33. Hawapigani, wanaiandika tofauti hiyo, nayo inakuwa sehemu ya jibu.

Hata wakikubaliana, bado hawajalijibu swali la nahodha. Nani kasema pete moja ni mwaka mmoja?

Mtazame mnazi. Kila kuti likidondoka huacha kovu shinani, na makovu hayo yanahesabika mpaka juu. Mgeni asiyeijua minazi anaweza kusimama shambani akahesabu makovu 600 na kutangaza kwamba mnazi wa babu yako una miaka 600. Wewe unacheka, kwa sababu unajua mnazi hutoa makuti 12 hivi kwa mwaka. Hesabu yake ya makovu haina kosa. Alichokosea ni maana ya kovu. Kwa samaki nako, kabla ya kuamini pete lazima mtu athibitishe kila pete imesimama badala ya nini.

Njia moja ni ya subira. Samaki huvuliwa akiwa hai, hudungwa dawa ya aina ya tetrasaikilini, hufungwa alama na kurudishwa majini. Dawa hiyo hujipachika kwenye tabaka linalojengwa wakati huo na kuacha mstari unaong'aa chini ya taa maalumu. Akivuliwa tena baada ya miaka mitano, zinahesabiwa pete zilizo nje ya mstari ule. Zikiwa tano, pete imethibitika. Wazee wa hapa watasema hiyo ni kumtupa samaki baharini na kumwambia akusubiri, na kwa kweli wengi hawarudi.

Njia ya pili inatokana na jambo baya. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu ya nyuklia hewani, mpaka mkataba wa mwaka 1963 ulipoyazuia mengi ya majaribio hayo. Mabomu yaliongeza hewani aina ya kaboni iitwayo kaboni 14, ikafika karibu maradufu. Kaboni hiyo ikaingia baharini, ikaingia kwenye chakula, ikaingia kwenye vijiwe vya samaki waliozaliwa baada ya hapo. Ni kama muhuri uliogongwa duniani kote kwa wakati mmoja. Ukipima kiini cha kijiwe, yaani lile tone la kwanza la utotoni, ukaukuta muhuri, samaki kazaliwa baada ya mabomu. Usipoukuta, kazaliwa kabla. Kisha unalinganisha na idadi ya pete uliyohesabu. Zikipishana, kuna mtu wa kurudi kwenye darubini.

Sasa tumrudie papa wetu.

Papa hana mifupa, ana gegedu, wala hana vijiwe vya kusomwa kama vya changu. Papa wengi husomwa kwenye pingili za uti wa mgongo, lakini za papa wa Greenland ni laini na hazina mistari. Kwa hiyo ilibidi pengine patafutwe, na palipopatikana ni kwenye jicho. Katikati ya lenzi ya jicho kuna kiini kinachojengwa papa akiwa bado tumboni mwa mamake, na protini yake haibadilishwi tena mpaka kufa. Kundi la watafiti likiongozwa na Mdenishi Julius Nielsen lilipima kaboni 14 katika viini vya majike 28, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wale wadogo kabisa ndio waliokuwa na muhuri wa mabomu. Wakubwa hawakuwa nao, basi kwao ikabidi watumie mabadiliko madogo madogo ya kaboni ya bahari katika karne zilizopita, wakiyaunganisha na mwendo wa ukuaji wa papa hao. Hapo makadirio yakapanuka.

Jike mkubwa kuliko wote, mwenye urefu wa mita 5 na kidogo, alikadiriwa kuwa na miaka 392, ikipungua au kuzidi 120. Huku nyuma ya "kupungua au kuzidi" ndiko ilikopotelea ile picha. Maana yake ni kwamba umri wake unaweza kuwa popote kati ya 272 na 512. Mtu kaichukua 512, kaiacha sentensi, kaipaka wino mwekundu.

Tuipige hesabu kwa vitu tunavyovijua. Kutoka 2016 rudi nyuma miaka 512, unafika 1504. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Kwa hiyo hata ukimpa papa yule umri wa juu kabisa unaoruhusiwa, da Gama alikuwa keshapita miaka sita nyuma. Ukimpa ule wa chini, 272, amezaliwa mwaka 1744, na hapo napo alikuwa anaogelea kabla ya jiwe la kwanza la Ngome ya Lamu, iliyoanza kujengwa kama 1813. Mimi naona hilo la pili linatosha kumshangaza mtu. Sielewi kwa nini haliridhishi mpaka litiwe chumvi.

Kwa makadirio hayohayo, jike wa papa huyo hapevuki mpaka afikishe karibu miaka 150. Acha maana yake ikuingie. Ukimvua akiwa na miaka 140 umemvua msichana.

Hapa ndipo umri unapoacha kuwa jambo la kufurahisha barazani na kuwa jambo la riziki. Tafi wetu ni kama mchicha: hukua upesi, huzaa mapema, na mtu akivuna kwa adabu, baada ya muda si mrefu pamejaa tena. Samaki wengi wa barafuni ni minazi. Kule Georgia Kusini, visiwa vilivyo karibu na Antaktika, kulikuwa na samaki wengi wa mwamba waitwao Notothenia rossii. Msimu wa 1969 na 1970 meli zilivua karibu tani 400,000. Misimu michache baadaye hakukuwa na cha kuvua. Walivuna minazi kwa hesabu ya mchicha.

Baada ya makosa ya namna hiyo iliundwa tume ya kimataifa ya kuhifadhi viumbe hai wa Antaktika, ikaanza kazi mwaka 1982, makao yake Hobart, Australia. Samaki mwenye thamani zaidi kule siku hizi ni mkubwa mwenye mdomo mpana, Dissostichus mawsoni. Mimi namwita chewa wa Antaktika ingawa hana udugu wa karibu na chewa wetu. Hufikia karibu mita 2 na kupita kilo 100. Vijiwe vyake vimesomwa na kuthibitishwa: anaweza kuishi karibu miaka 50, na jike kwa wastani hutaga kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 16 au 17. Katika Bahari ya Ross, meli zinazomvua hutakiwa kumtia alama na kumwachilia samaki mmoja hai kwa kila tani zinayoipata. Kiwango cha kuvua hupangwa kutokana na alama hizo na zile pete. Ukikosea umri, umekosea kiwango.

Lakini usiondoke hapa ukisema kila samaki wa baridi anaishi karne. Hilo nalo ni uzushi mwingine unaozunguka. Katika Aktiki, bahari ya barafu ya kaskazini mwa dunia, kuna samaki mdogo aitwaye Boreogadus saida, chakula cha sili na ndege na nyangumi, na huyo miaka saba kwake ni uzee. Baridi inachelewesha mwili, ni kweli, ila kila samaki ana ratiba yake, na anayeliwa na kila mtu hana nafasi ya kuchelewa.

Na usiseme pia kwamba wazee wote wako kwenye barafu. Mwaka 2001 wavu wa meli ulimnasa silakanti katika bahari yetu hii ya Malindi, kilo 77, samaki ambaye dunia ilidhani alitoweka enzi za madinosaria mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa miaka mingi magamba ya silakanti yalisomwa kwa mwanga wa kawaida, na hesabu ikawa miaka 20 hivi. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa wakayatazama tena magamba ya silakanti 27 kwa mwanga wa aina nyingine, wakaona kati ya mistari ile mikubwa imejaa mistari midogo isiyoonekana kabla. Mkubwa wao alifika miaka 84. Silakanti hupevuka akiwa na miaka 55 hivi, na mimba ya jike huchukua karibu miaka mitano. Magamba ni yaleyale. Msomaji ndiye aliyekuwa anaruka mistari.

Nikamweleza yule mama karanga haya yote huku akigeuza samaki kwenye karai, naye alisikiliza hadi kwenye mimba ya miaka mitano, hapo akaweka mwiko chini.

"Miaka mitano! Na huyu wangu je, ana mingapi?"

Nikakichukua kimoja cha vile vijiwe, nikakifuta kwa kanga aliyonipa, nikakiinua kuelekea jua. Nikakipiga picha kwa simu nikaivuta mpaka ikajaa kioo chote. Nikaona weupe mtupu, na alama ya kidole changu.

"Sijui," nikamwambia.

"Basi lete mia tatu," akasema, akimfunga changu kwenye gazeti. "Umri utahesabia nyumbani."